Gawanya upate omu, zidisha upate wati: hotuba kwa mafundi umeme

Hotuba hii niliitoa Morogoro, mbele ya mafundi umeme na wanafunzi wa ufundi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa.

Ndugu mafundi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Niwaulize. Mteja akikupigia simu kwamba umeme wake unasumbua, kitu cha kwanza unachotoa mfukoni ni nini? Testa. Unagusa, taa inawaka, unasema "umeme upo". Unagusa kwingine, haiwaki, unasema "hapa haupo". Kazi yetu nyingi imejengwa juu ya swali hilo moja: upo, au haupo?

Mimi nasema swali hilo ni dogo mno kwa dhamana mliyobeba. Watu wanalala usiku wakiamini waya mliyofukia ukutani haitawachoma. Huwezi kubeba imani ya namna hiyo kwa testa peke yake.

Nasema hivi: fundi aliyepima volti, yaani msukumo wa umeme, kisha akapima ampia, yaani mkondo unaopita, ana namba nne, si mbili. Chukua volti, gawanya kwa ampia: umepata ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo, kwa omu. Chukua volti zile zile, zidisha kwa ampia zile zile: umepata nguvu, kwa wati. Gawanya, omu. Zidisha, wati. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tatizo letu ni kwamba hatuifanyi tukiwa juu ya ngazi, mahali inapohitajika.

Tuanze na kitu kilichopo kila nyumba. Birika la umeme limeandikwa chini yake wati 2,000, volti 230. Gawanya 2,000 kwa 230, litavuta ampia 8.7. Sasa gawanya 230 kwa 8.7: omu 26 na kidogo. Hiyo namba ya omu ishikeni, kwa sababu ndiyo inayobaki. Volti zinapanda na kushuka, ampia zinafuata, lakini koili ya birika ni ile ile, omu 26. Ukilichomoa ukapima kwenye pini zake kwa maltimita, swichi yake ikiwa imewashwa, utaikuta hiyo hiyo.

Mama mmoja anauza chai na maandazi kwenye kibanda nje ya geti la nyumba aliyopanga. Alilalamika birika linachelewa kuchemka na uniti zinakwisha haraka. Aliambiwa birika ni feki. Akanunua jingine. Nalo likachelewa. Akaambiwa siku hizi yote ni feki.

Nilipofika nilipima volti kwenye soketi ya ndani ya nyumba, birika likiwa linachemsha: 225. Nikaenda kibandani, birika bado linachemsha: 205. Nikakamata waya kwa klampu mita, ile inayozunguka waya na kusoma mkondo bila kuukata: ampia 7.75. Niwaambieni kabisa, klampu inakamata waya mmoja tu, laivu unaoleta umeme au nyutro unaourudisha. Nimeona vijana wanakamata vyote viwili kwa pamoja, mita inasoma sifuri, wanasema mita imekufa. Mita haijafa. Mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana.

Sasa tukokotoe. 205 gawanya kwa 7.75: omu 26. Birika ni zima! Halina ufeki wowote. Zidisha: wati 1,589. Kwa hiyo koili iliyotengenezwa kutoa wati 2,000 inapata chini ya 1,600. Ndiyo maana inachelewa. Na zile volti 20 zilizopotea njiani? 20 gawanya kwa 7.75 ni omu 2.6. 20 zidisha kwa 7.75 ni wati 155. Wati 155 zinapasha joto waya uliolala juu ya bati! Katika kila shilingi 100 mama huyu anayonunulia umeme wa birika, karibu shilingi 9 zinachemsha waya.

Tukaufuata ule waya. Mita 50 za waya wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa kufungia taa ya mezani. Kwa waya wa 4, zile omu 2.6 zinashuka chini ya nusu omu, na hasara yote inabaki wati 32 hivi. Mama alihitaji waya. Aliuziwa birika.

Nauliza, ndugu zangu: ni wateja wangapi tumewauzia kifaa kizima kwa sababu hatukutaka kugawanya namba mbili?

Kabla sijaendelea, tahadhari mbili, nisije nikawapoteza. Balbu ya zamani yenye uzi ndani haifanani na birika. Ile ya wati 60 inapowaka ina omu zaidi ya 880, lakini ukiipima ikiwa baridi utakuta sitini na kitu tu, maana uzi wake ukipata moto ukinzani unapanda. Usiitupe. Na mota, pampu na kompresa ya friji si koili za kupasha joto tu. Mkondo wake hauendi hatua moja na volti, kwa hiyo ukizidisha volti kwa ampia unapata VA, yaani volti-ampia, na wati halisi ni pungufu. Hilo lina somo lake. Leo nazungumzia birika, pasi, jiko, hita, waya na viungo vya waya.

Sasa jambo la pili, na hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Niliitwa saluni moja. Mwenyewe anasema kuna harufu ya plastiki karibu na meinswichi, hasa jioni wateja wakijaa. Mafundi wawili walikuwa wameshapita. Walipima volti: 226. Safi. Breka ya ampia 32 haijawahi kuanguka, yaani kukata umeme. Wakasema hakuna tatizo, labda ni dawa za nywele.

Volti 226 ni nzuri. Lakini zimepimwa wapi, na mzigo ulikuwa ngapi? Nilimwomba dada awashe draya moja na hita ya maji, klampu ikasoma ampia 12. Kisha nikafanya kitu kimoja: nikaweka ncha moja ya mita kwenye shaba ya waya, na ncha nyingine kwenye chuma cha breka, pale pale waya unapoingia. Waya na breka vimeshikana, siyo? Kati yao volti zinatakiwa ziwe kama hakuna. Mita ikasoma 4.8.

Kokotoeni nami. 4.8 gawanya kwa 12: omu 0.4. Ni kidogo sana, si ndiyo? Omu 0.4, nani ataijali? Zidisha sasa. 4.8 mara 12: wati 57.6. Wati 57 kwenye skrubu moja isiyozidi kucha ya kidole gumba! Pasi ya kulehemu ya wati 40 inayeyusha risasi. Hii ina zaidi ya hiyo, na imefungiwa ndani ya plastiki, saa baada ya saa.

Na jioni je, wateja wakijaa, draya zote zikiwaka, mkondo ukafika ampia 24? Wengi watasema mkondo umezidi mara mbili, basi joto nalo mara mbili. Hapana! Omu ni zile zile 0.4. Ampia 24 kwa omu 0.4 ni volti 9.6. 9.6 mara 24 ni wati 230. Mara nne! Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Mkondo ukizidi mara tatu, joto mara tisa. Mkondo mara mkondo, mara ukinzani: sheria hiyo aliipima James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, miaka ya 1840. Alizungusha waya ndani ya chombo cha maji, akapitisha umeme, akasoma kipimajoto. Akabadilisha mkondo, akasoma tena. Hakukisia.

Na breka inasemaje muda wote huo? Breka ni ya ampia 32. Inaona 24. Kwake hali ni shwari! Breka inahesabu ampia. Haijui kwamba ampia hizo zinapita kwenye skrubu iliyolegea. Fyuzi haijui. Testa haijui. Volti 226 haziwezi kukuonyesha. Ni wewe tu, fundi, mwenye mita na akili ya kuzidisha, unayeweza kuliona joto hilo kabla halijawa moshi.

Tuliuzima umeme, tukaifungua. Waya wa shaba ulikuwa umebadilika rangi, ganda lake limekuwa gumu, linakatika kama biskuti. Skrubu iliingia nusu mzunguko mzima kabla haijashika. Nusu mzunguko wa bisibisi. Tukakata ncha, tukamenya upya, breka tukabadilisha kwa sababu nayo ilikuwa imeungua ndani, tukakaza, tukapima tena kwa mzigo ule ule.

Sheria hiyo hiyo ya mkondo mara mkondo ndiyo inayoamua umbo la gridi yetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Umeme huo unakwenda Chalinze kwa kilovolti 400. Kwa nini 400? Kwa nini wasitumie kilovolti 33 tunazoziona kwenye nguzo zetu? Gawanya: 400 kwa 33 ni kama 12. Kwa nguvu ile ile, ukipandisha volti mara 12, ampia zinashuka mara 12. Na joto kwenye waya ule ule? 12 mara 12, na zaidi kidogo: linashuka karibu mara 147. Ile hesabu ya skrubu ya saluni ndiyo inayobeba umeme wa nchi.

Jambo la tatu nitalipita haraka kidogo, nalo ni la mafundi wa sola. Mzee mmoja ana sola ya volti 12 na televisheni nyumba ya pili, mita 20 kutoka kwenye betri. Televisheni inazima ikifika saa mbili usiku. Ameambiwa betri imechoka. Betri si bei ya mchezo.

Pima betri ikiwa inafanya kazi, televisheni na taa zikiwa zimewashwa. Volti 12.5. Nenda ile nyumba ya pili: 10.1. Mkondo ampia 5. Tofauti 2.4, gawanya kwa 5: omu 0.48. Chukua waya wa 1.5, wenye omu 12.1 kwa kila kilomita. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40. Unapata omu 0.48. Imelingana! Betri haina hatia. Volti 2.4 kwenye umeme wa 230 usingezihisi, lakini kwenye umeme wa 12 ni karibu sehemu moja ya tano ya mali yote ya mzee. Weka waya wa 10, upotevu unakuwa chini ya volti 0.4. Volti zikiwa ndogo, waya uwe mnene. Wengi tunakwenda kinyume: tunaona volti 12, tunasema "hiyo ndogo", tunafunga waya wa kengele.

Na ingekuwa kinyume, pale pale kwenye vichwa vya betri ikasoma 12.6 bila mzigo, kisha ikaanguka hadi 10.1 kwa ampia 5? Hapo omu 0.5 zimo ndani ya betri yenyewe, na betri ndiyo mgonjwa. Dalili moja, wagonjwa wawili. Utawatofautishaje bila kugawanya?

Vijana, ukinzani huu wa ndani ya chanzo cha umeme ulimsumbua hata Georg Simon Ohm mwenyewe. Alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789, baba yake fundi wa makufuli aliyejifunza hesabu peke yake na kuwafundisha wanawe. Ndiyo, mtoto wa fundi kama watoto wenu. Akiwa mwalimu wa shule mjini Köln, alipima mkondo kwenye waya za urefu tofauti kwa kutumia betri za wakati ule, na betri zile hazikutulia. Zinaanza na nguvu, zinachoka katikati ya kipimo. Namba zikamwendea kombo. Mwenzake Johann Christian Poggendorff akamshauri aachane na betri, atumie kiungo cha metali mbili, bismuthi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Umeme wake ni mdogo lakini umetulia. Mwaka 1826 namba zikanyooka, mwaka 1827 akachapisha kitabu. Kitabu kikapokelewa kwa ubaridi, akaacha kazi yake pale Köln. Ilipofika 1841 ndipo Royal Society ya London ilipompa Medali ya Copley. Katika fomula yake ya mwaka 1826 aliweka ukinzani wa waya, na kando yake akaweka ule wa chanzo chenyewe. Ukimpimia mzee wa televisheni betri bila mzigo, umeacha nusu ya fomula.

Nimebakiza la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja kusema leo. Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja.

Mama anasema friji linamng'ata akiwa peku. Anasema pia uniti zinayeyuka, hajui zinakwenda wapi. Nyumba ina ethi, rodi ya chuma imepigwa bustanini, waya wa kijani na njano umefungwa vizuri. Fundi aliyefunga alisema: "Ethi ipo." Unaona? Upo, haupo. Ethi ipo!

Lakini ipo kwa omu ngapi? Udongo umekauka, rodi ni fupi. Ikapimwa: njia nzima ya udongo, omu 50. Ndani ya friji laivu imegusa bodi. Kokotoa: 230 gawanya kwa 50 ni ampia 4.6. Breka ya soketi ni ya ampia 20. Itaanguka? Haiwezi kuanguka! Inaona ampia 4.6, inadhani ni pasi. Basi mkondo unaingia ardhini usiku na mchana, 230 mara 4.6, wati 1,058. Mama anapasha joto bustani kwa uniti 25 kila siku. Na bodi ya friji inakaa na volti zinazokaribia 230, watoto wanafungua mlango kuchukua maji.

Sasa mwili wa binadamu. Ngozi kavu ina ukinzani wa kutosha, ndiyo maana mama alisema "linaning'ata" na bado yuko hai kulisema. Lakini mkono ukiwa umelowa, miguu peku kwenye sakafu yenye maji, chukua omu 1,000. 230 gawanya kwa 1,000: ampia 0.23. Inaonekana ndogo? Moyo unaweza kuvurugika kwa chini ya hapo. Breka ya ampia 20 haitajua kama kuna mtu. Mtu anakufa, na breka imesimama.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena, na nitasema kila ninapopewa kipaza sauti: funga breka ya kinga ya uvujaji, ile inayoanguka kwa miliampia 30. Yenyewe inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kilichopotea kwenda ardhini kikifika miliampia 30 inakata. Rudi kwenye friji letu: ampia 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya hizo. Ingekata papo hapo, siku ya kwanza. Hata ethi mbaya ya omu 100 inapitisha ampia 2.3, ambazo ni zaidi ya mara 70 ya kinachohitajika. Mteja akisema ni ghali, usibishane naye kwa maneno. Andika kwenye karatasi mbele yake: 230 gawanya kwa 50. Onyesha breka ya 20. Halafu andika 230 gawanya kwa 1,000. Nimeona watu wakienda dukani kununua baada ya karatasi hiyo.

Na rodi ipigeni ndani hadi ifikie udongo wenye unyevu, muunganishe ya pili mbali kidogo ikibidi, halafu mpime. Msiondoke na neno "ipo". Ondokeni na namba ya omu, iandikwe kwenye mlango wa meinswichi pamoja na tarehe.

Sasa tunaingia kwenye vitendo. Upande wa kushoto kuna meza yenye pasi iliyoandikwa wati 1,000, volti 230. Soketi ya ukutani asubuhi ya leo ilisoma volti 214. Vikundi vya watu watano watano, wanafunzi wafanye, mafundi wakubwa wasimamie. Kabla mtu hajachomeka chochote, kila kikundi kiniletee karatasi: pasi ina omu ngapi, itavuta ampia ngapi kwa volti 214, na itatoa wati ngapi. Kisha mkachomeke, mkamate waya mmoja kwa klampu, tuone karatasi ya kikundi gani imekubaliana na mita.